Wimbo wa Mlango

Oya Spika,

Shangazi yako ameshamaliza habari za tranka, ndoo, fyekeo na shuka za bluu, kwa hiyo humo siingii. Tiketi unayo. Niko hapa kibandani Mkolani, umeme umekatika, wewe umeenda kunyolewa nywele za shule, na mpaka urudi nina kama saa mbili za mwanga. Nimechana kurasa kwenye kaunta buku la majina ya nyimbo. Vumilia mwandiko, mimi nikiandika haraka herufi zinapandana migongo kama mbuzi wanaoingia zizini.

Nina jambo moja tu. Kesho jioni utakuwa Muleba kwa bibi yako, mama wa mama yako, na kwa kuwa shule uliyopangiwa iko hukohuko, likizo fupi zote za kidato cha tano utakuwa pale. Atakutunza, hilo sina wasiwasi. Lakini siku moja mkiwa mnamenya ndizi atakuambia nilichofanya kwenye maziko ya mama yako. Na atakuambia kweli, maana yule mama hasemi uongo. Sasa ukiisikia ile kweli yake peke yake, hutanirudia. Utakuja likizo ndefu, utanisalimia shikamoo, utakula, utafua, lakini hutanirudia. Nakujua. Ukikasirika huwa hupigi kelele, unakuwa na adabu.

Kukuambia kwa mdomo nimeshindwa. Jana nilikuita nje kabisa, ukaja, ukasimama, nikakuuliza kama umeweka dawa ya meno.

Nianzie mbali kidogo, maana bila muziki hii stori haina miguu.

Nilikuwa na umri wako. Nilikuwa nabeba magunia ya dagaa kule Kirumba, nimeishia darasa la saba, nina kiburi cha mtu wa Form Six. Hoteli moja pembeni ya ziwa ilikuwa inabomoa baa yake ya zamani, wakatupa kiroba cha kaseti. Nikakiokota. Kaseti arobaini na kitu, na unyevu umekula maandishi yote. Hakuna jina la mwimbaji, hakuna jina la wimbo. Nikaenda nazo geto, nikaweka ya kwanza kwenye redio yenye mlango uliofungwa kwa mpira.

Spika, sijui nikuelezeje. Gitaa liliingia kama mtu anachana bati kwa mikono mitupu. Halafu likatulia, likawa kama linaomba msamaha, halafu likachana tena palepale. Nilikaa chini kwenye sementi. Nikarudisha nyuma, nikasikiliza tena, nikarudisha, mpaka betri zikafa na yule jamaa akawa anaimba polepole kama amelewa.

Ya pili ilikuwa ya mzee. Mimi namwita mzee, labda alikuwa kijana mwenye shida. Analia kwa sauti ya kanisani, lakini unajua kabisa kwamba halii kwa Mungu. Anashika "a" moja tu, anaivuta, anaipandisha, inapasuka katikati, na waliorekodi hawakulifuta lile pasuko, wameliacha humohumo. Nyuma kuna wanawake wanamwitikia, kama wanamwambia tumekusikia, sema yote. Mimi nimekulia Misungwi, nimelima kwa nyimbo, mmoja anaanzisha wengine wanaitikia ili jembe lisilale. Nikasema kumbe na huko kwao kuna watu wa kuitikia.

Haya majina ya roki na soul nilikuja kuyasikia redioni baadaye. Mimi nilikuwa na majina yangu. Nilipofungua kibanda cha kuchoma CD na baadaye kuingiza nyimbo kwenye memori kadi, nilizihamisha zile kaseti kwenye kompyuta kwa waya niliouchomea risasi mwenyewe, na kila wimbo nikauandikia jina nililoona unafaa. Bati. Mzee Analia. Kengele za Asubuhi. Mlango. Ule wenye ngoma inayotwanga kama kisamvu, nikauita Kisamvu. Wengine pale sokoni walikuwa wanauza bongo fleva na zile za Kongo. Mimi nilikuwa nazo pia, ndizo zilizotulisha, lakini Jumamosi nilikuwa nafungua zangu kwa sauti ya juu, na watu wakaanza kuja kukaa kwenye benchi.

Sasa hapo ndipo mdomo wangu uliponiponza. Mteja mmoja aliniuliza huyu anasema nini. Kizungu sikuwa nacho, lakini sikufikiri hata sekunde. Nikamwambia huyu amefiwa na mke, anawaambia majirani wasimletee chakula. Yule mtu akainamisha kichwa. Akaniambia rudia. Wiki iliyofuata akaja na mwenzake. Wakaanza kuniita Mkalimani. Nilikuwa napunguza sauti, natafsiri mstari, naongeza sauti, natafsiri mwingine. Wamama wa mboga walikuwa wanafuta macho.

Utasema nilikuwa tapeli. Labda. Ila wakati ule sikujisikia tapeli. Niliona sauti yenyewe inaniambia, kwamba mtu hawezi kupasua "a" namna ile bila kufiwa. Mimi nilikuwa namsaidia tu kupata maneno.

Ndivyo mama yako alivyonikuta. Alikuwa amemaliza Form Six, anakaa kwa binamu yake hapa Mkolani anasubiri matokeo, akaja kuchoma CD ya kwaya. Mlango ulikuwa unapiga. Ni wimbo wa taratibu, gitaa linadondoka tone kwa tone, na jamaa anaimba kama amekaa kwenye ngazi. Akaniuliza, naye, huyu anasema nini.

Ule wimbo wote nilikuwa nimeshika neno moja tu, mlango. Hilo tulifundishwa darasa la tatu kwa kidole, mwalimu anaonyesha tunaitikia. Basi nikalijengea nyumba. Nikamwambia anasema, usifunge mlango mpenzi, niko nyuma yako, nakuja.

Mama yako akashika shavu, akaniangalia muda mrefu kuliko kawaida ya mteja.

"Rudia," akasema. "Hapo kwenye mlango."

Nikarudia. Akacheka. Nikadhani nimempata, na kweli nilikuwa nimempata, ila sikujua kwa njia gani. Mwaka haukuisha ukazaliwa wewe, unalia nyumba ya tatu wanasikia, ndiyo nikakuita Spika.

Kwao hawakunitaka. Wale ni watu wa shule. Babu yako alikuwa mwalimu mkuu, bibi yako mwalimu, wajomba wako na shahada zao. Msukuma wa kuchoma CD kwao hakuwa mkwe, alikuwa ajali. Nilituma wazee mara moja, wakarudishwa kwa heshima na chai. Hatukufunga ndoa. Ndiyo maana figo zilipomshinda mama yako, wewe una miaka sita, wakaja kumchukua wakamzike kwenye kibanja chao, shamba la nyumbani, na mimi sikuwa na mdomo wa kubisha.

Siku chache kabla, hospitalini, alinivuta shati. Alikuwa amevimba miguu, sauti imebaki kidogo.

"Wataleta kwaya," akaniambia. "Waache waimbe. Ila nikishushwa, nipigie Mlango."

Nikamwambia aache hayo maneno.

"Niahidi, Mkalimani."

Nikaahidi.

Tulivuka Kigongo na kivuko, wakati ule daraja halijaanza hata kuchorwa. Watu wa Mkolani walijichanga wakakodi Kosta nzima, wale wa benchi la Jumamosi, wamama wa mboga, wote. Nilibeba spika mbili na jenereta dogo. Wewe ulikaa miguuni kwangu ukawa unauliza kama mama yako anasikia joto kule ndani. Nilikuwa nakagua waya.

Mchungaji alisoma, kwaya ikaimba, vizuri tu. Jeneza likaanza kushuka katikati ya migomba, nikawasha. Gitaa likadondoka. Jamaa akaanza. Watu wa Mkolani wakaanza kulia, kwa sababu wao walikuwa wanaujua, niliwatafsiria mara mia: usifunge mlango, nakuja.

Upande wa pili wa kaburi hakuna aliyelia. Hata waliokuwa wanalia waliacha. Nilimwona shangazi mmoja wa mama yako anashusha leso taratibu. Vijana wao wa chuo wakaangaliana. Mchungaji akafunga kitabu. Halafu Mjomba Pastory, kaka mkubwa wa mama yako, akazunguka kaburi, akapita katikati ya watu, akachomoa waya. Mpaka leo nalisikia lile jenereta linaunguruma peke yake.

Akaniuliza kwa sauti ya chini, lakini kila mtu alisikia.

"Wewe. Unajua huyu mtu anasema nini?"

Spika, nilijua palepale kuna kitu kimeharibika. Sikujua nini. Nilitakiwa kusema sijui. Lakini nyuma yangu kulikuwa na Kosta nzima ya watu walioniita Mkalimani, na mbele yangu watu wa shahada waliokuwa wananiangalia tangu asubuhi kama nimekuja kuomba kazi. Sijui na najua zina urefu uleule mdomoni. Nikachagua.

"Najua," nikasema.

Bibi yako alikuwa amesimama kichwani mwa kaburi. Hakupandisha sauti.

"Basi, baba," akasema. "Tumekusikia."

Akajitupia kanga begani, akaondoka kabla udongo haujajaa. Mama mzazi. Wewe ulikuwa unanishika suruali. Nadhani unakumbuka kidogo, maana zamani uliwahi kuniuliza kwa nini tulirudi Mwanza bila kula.

Nilikaa wiki nzima na ile "najua" yangu. Halafu nikamwita mwalimu mmoja mteja, nikamwambia nampima Kizungu chake, aniandikie ule wimbo kwa Kiswahili. Akaandika hapohapo kwenye kaunta huku anatingisha mguu. Chukua vitu vyako vyote. Funga mlango ukitoka. Nyumba sasa inapumua. Ukurasa mzima ndiyo hivyo, mtu anashukuru kwamba mwanamke ameondoka. Akaniuliza amepata ngapi. Nikamwambia amepata zote.

Ndicho walichosikia wale watu. Kwamba binti yao anashushwa chini, na mimi nimebeba spika kutoka Mwanza kuja kumwambia nyumba sasa inapumua. Na nilipoulizwa, nikasema najua.

Ningeweza kupanda basi kesho yake, nikapiga magoti pale barazani nikasema mama, mimi sikujua, sina Kizungu. Nilishindwa. Hapa naandika ukweli wote: niliona afadhali waniite mkatili kuliko waniite mjinga. Mkatili bado ana sura. Nilipima hivyo. Upande mmoja mama yako, upande wa pili benchi la Jumamosi, nikachagua benchi. Na benchi lenyewe si unaliona leo, linakaa kuku wa jirani. Nani analeta memori kadi siku hizi? Nauza chaja na kava za simu.

Ilipita kama miezi miwili ndipo kikaja kitu kibaya zaidi. Nilikuwa nakunja nguo zake, nikakuta bahasha ya vyeti. Nikasoma. Mama yako alisoma HGL. Nilikuwa nimeisikia hiyo HGL miaka yote, nikaichukulia kama jina la basi. Ile H historia, ile G jiografia. Ile L, Spika, ni Kizungu. Na alikuwa amefaulu.

Nilikaa na kile cheti mpaka kikalowa jasho. Miaka saba nimemtafsiria Kizungu mtu wa HGL. Nikaanza kukumbuka vitu. Alivyokuwa anacheka mahali ambapo wamama wa mboga wanalia. Alivyokuwa ananiambia rudia, hapo napenda. Siku moja niliwaambia watu kwamba Mzee Analia amempoteza mtoto mtoni, mama yako akaenda nyuma ya kibanda, nikadhani ameguswa. Sasa sidhani. Nadhani alienda kucheka mpaka mbavu zikamuuma. Na hakunisahihisha hata mara moja, wala mbele ya watu wala chumbani.

Unakumbuka ulipokuwa Form Two ukaja na simu ya shangazi yako, umetafuta maneno ya Mzee Analia, ukaniambia mbele ya wateja, "Baba, huyu hajafiwa, anasifia gari lake"? Watu walicheka. Mimi nikakuambia Kizungu chako ni cha Form Two, hakijaiva, usinivunjie heshima. Kuanzia hapo ukavaa zile spika zako za masikioni na benchini hukukaa tena. Mimi sikukasirikia gari. Niliogopa utafika kwenye Mlango. Jioni ileile nikaufuta kwenye kompyuta. Kaseti yake ilishaliwa na redio zamani. Na kwa kuwa sikuwahi kumjua mwimbaji, sina pa kuutafuta. Umeenda. Nabaki kuuguna mdomoni, na gitaa huwezi kuliguna.

Nikuombe radhi ya jingine. Mwezi uliopita ulisahau simu mezani, nikavaa vile vidude vyako. Nilitaka kujua unakimbilia wapi. Nikakuta vijana wanaimba kama wamejifungia chumbani, wanaogopa kumwamsha mama mwenye nyumba. Gitaa dogo, kinanda kama cha kuchezea, msichana anaimba karibu kabisa na sikio, hapandishi, halii, anasema tu. Mwanzo nikaona hawa hawajala. Kisha ukaja mmoja, yule dada anavuta pumzi kabla ya kila mstari na wameiacha ile pumzi isikike. Nikakaa kitandani kwako nikausikiliza mara tano. Sijui anasema nini. Na kwa mara ya kwanza sikujaza. Nilimwacha aseme vyake. Uchungu wake ni wa aina nyingine, hauchani bati, unakaa kama maji kwenye kiatu. Nikasema mwanangu anabeba hiki kitu kila siku na mimi nauza kava za simu pembeni yake.

Sitaki uchukue hapa somo lolote. Yaliyonipata nimeyaeleza, basi.

Ila kuna sehemu iliyobaki, na hii sijamwambia mtu, hata shangazi yako.

Ulipozaliwa, bibi yako alikusanya vitu vyote vya mama yako vilivyobaki Muleba. Nguo, madaftari, viatu vya kipaimara, hadi mto. Akavifunga kwenye sanduku, akalipakia kwenye basi la Mwanza. Ndani hakuweka barua. Mama yako alilifungua hapa sakafuni, akatoa kimoja kimoja, hakulia. Akasema tu, "Amenifungia." Hawakuonana tena mpaka hospitalini, na pale bibi yako alifika amechelewa, mama yako hawezi tena kusema.

Sasa chukua maneno ya ule wimbo uyaweke hapo. Chukua vitu vyako vyote. Funga mlango ukitoka.

Nimezunguka na hili miaka kumi na moja. Kuna siku naamini aliuomba kwa sababu ya tafsiri yangu, kwamba kwake ule wimbo ulishakuwa usifunge mlango, nakuja, na Kizungu chake alikiweka pembeni kwa ajili yangu. Hizo ni siku nzuri. Kuna siku naamini alijua watakaosimama pale, akajua nani ataelewa na nani hataelewa, na akamjibu mama yake kwa mkono wangu. Mama yako alikuwa mpole, lakini hakuwa mtu wa kusahau. Na sina wa kumuuliza.

Ndiyo maana mpaka leo sijarudi Muleba, na safari hii siyo aibu ya Kizungu. Hiyo imeisha, we mwenyewe unaona nakuandikia. Bibi yako alipopiga simu majina ya shule yalipotoka, nilimwamkia, akaitika marahaba, akaomba aongee na wewe. Sauti imezeeka. Nikimwambia sikujua maana, ataniamini, ni mwalimu, anawajua wasiojua. Lakini swali la pili litakuwa nani aliuchagua. Na yeye ndiye aliyemfundisha mama yako Kizungu. Hatahitaji kuelezwa. Miaka yote hii kamuweka Msukuma mmoja kwenye kiti cha mtu mbaya, na labda hicho ndicho kinachomfanya apate usingizi. Nikishuka kwenye kile kiti, atakikalia nani?

Nikinyamaza, na wewe ukanyamaza, utakula naye kila likizo huku anaamini wewe ni mtoto wa mtu aliyemcheka binti yake kaburini. Atakupenda kwa kukuonea huruma. Hilo nalo linaniua.

Nakuona unakuja kule barabarani, kichwa kinang'aa, unajishika shingo kama umepoteza kitu. Barua hii utaisoma kwenye basi. Usiku wa kesho atakukalisha jikoni, atakuuliza baba yako huwa anasema nini kuhusu maziko yale. Mwalimu hawezi kuacha kuuliza. Wewe Kizungu unacho, mimi unanijua, na yule mama ni damu yako. Ingekuwa wewe ndiyo mimi, ungemwambia nani aliuchagua ule wimbo?